Betri za Rimoti

Nichekeni tu. Wakenya wapenda kompyuta za zamani tulikutana mtaani Peckham, huku ughaibuni, kuchagua mfumo wa kuandikia programu za kompyuta za kwanza za mkononi. Wenzangu walitaka ule unaohifadhi kazi kwenye kadi. Mimi nikaupigia debe ule mwepesi, ambao betri zikitoka kila kitu kinafutika.

“Kwani mtu mwenye akili timamu atazitoa betri kwa nini?” nikawauliza.

Nikawasha mashine niwaonyeshe mchezo wa bao niliohangaika nao miezi. Mchezo haupo! Mashine ikaniuliza leo ni tarehe ngapi, kama imetoka dukani sasa hivi. Nikaulaani mfumo mbele ya wote.

Mke wangu, aliyetuletea chapati, akaniinamia kwa huruma, ila sauti yake haijui kunong'ona.

“Baba Neema, jana si ulizitoa betri ukatia kwenye rimoti, wageni watazame mpira?”