Moshi wa Ng'ambo ya Lumemo

Baada ya Vita vya Maji Maji ilikuja njaa, kwa kuwa askari wa Mjerumani walichoma mashamba na maghala ya mpunga. Wakati huo nilikuwa mwalimu msaidizi katika shule ya misheni, hapa Ifakara. Wapagazi walituletea gazeti la Kiswahili lililochapwa pwani, nami nililisoma mpaka karatasi ikalegea. Ndani yake mlikuwa na habari za safari, mavuno, na hadithi za sungura. Vita vilivyotumaliza havikutajwa hata kidogo. Nikawa najiuliza: hakuna anayeviandika, au wanaoviandika wanakataliwa?

Nikatunga hadithi ya mtu aliyekunywa dawa ya maji akiamini risasi hazitampata. Nikaipeleka, na mhariri wa gazeti akanijibu kwamba wasomaji wake wanataka kufurahi. Afadhali nimpelekee habari za kuwinda viboko.

Siku hizo, ng'ambo ya mto Lumemo, palikuwa na kijiji ambacho tuliambiwa watu wake wamekwisha wote. Lakini moshi ulionekana ukipanda huko. Wengine walisema ni mizimu inapika. Mimi sikuweza kutulia. Asubuhi moja nikaomba mtumbwi, nikavuka.

Nilimkuta bibi mmoja amekaa kando ya makaburi mapya, anachochea moto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuiba au kuzika?"

"Nimekuja kuuliza tu. Unapika nini?"

"Sipiki. Wanangu nimewazika mwenyewe, sikuwa na nguvu ya kuchimba kwenda chini. Moto ukizimika, fisi watawafukua."

Nikarudi na jembe na mihogo kidogo. Tukawazika upya, chini kabisa, tukaweka mawe juu. Tulipopumzika nikamwomba ruhusa ya kuyaandika yale.

"Andika. Ila usiseme nililia. Sikulia. Kulia kunataka mtu aliyekula."

Niliandika kama alivyosema, nikapeleka bila matumaini. Miezi ikapita. Bibi akahamia kwa mpwa wake katika kijiji cha Katindiuka, akaanza kupata nyama mashavuni. Kisha gazeti likaja, na hadithi yangu ilikuwamo! Nilifurahi mpaka nilipofika mwisho. Mhariri alikuwa ameongeza maneno yake: bibi analia kwa uchungu, anaombewa, anafarijika.

Nilikwenda Katindiuka nikamsomea yote, pamoja na yale yaliyoongezwa.

"Huyo anayelia ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, bibi. Wameongeza wao."

"Waliniona wapi?" Alikasirika kweli, akasukuma chungu kilichokuwa mbele yake. Halafu akauliza: "Hilo gazeti linasomwa na watu gani?"

"Watu wa pwani. Na wa miji mingine ambayo hata mimi sijafika."

"Na sasa wanajua nilikuwa na watoto?"

"Wanajua."

Akajisogeza karibu, akaishika ile karatasi, akapitisha kidole juu ya herufi asizozijua. Akataka nimwonyeshe watoto wako wapi. Nikamwonyesha.

"Soma tena," akasema. "Pale pa machozi uparuke."

Nikasoma, nikaparuka. Jioni ile nilimwandikia mhariri, nikamwambia hadithi nyingine ninazo, na nyingi ni za giza, lakini nitampelekea endapo tu atakubali kuziacha zilivyo. Alikubali mbili.