Laini Nne za Nyumba Yetu

Jioni moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Nimelala kwenye godoro nyuma ya sofa, paja lina vyuma ndani, na wenzangu wako mbele ya televisheni wanabishana nani atolewe kwenye timu. Timu yetu ya hoki, hii hii ya barafuni mnayoipigia kelele siku hizi kwa kinyozi, ilikuwa imeanza msimu vibaya. Inafungwa nyumbani, inafungwa ugenini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na nilidhani wanabishana juu ya timu tu.

Ngoja nikueleze taratibu. Mimi shule sikwenda sana, na nikiruka jambo sijui kulirudia.

Tulikuwa tunakaa hapa hapa Hyattsville, Marekani, vijana watupu, kwenye nyumba ya kupanga ya ghorofa. Kiongozi wetu alikuwa Selemani. Namtaja kwa jina, na akiyasoma haya ajue ni yeye, siyo Selemani mwingine. Tumetoka naye mji mmoja, Singida, yeye ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege. Tulimwita Kocha. Gari lilikuwa la kwetu sote lakini funguo zilikaa mfukoni kwake, na rimoti ya televisheni ilikaa mkononi kwake. Yeye ndiye aliyepanga nani anakaa kiti cha mbele tukienda kazini, nani anapika ugali, nani anaosha sufuria. Hata zamu za jikoni tuliziita laini, kama yale makundi ya wachezaji wa hoki yanayopokezana uwanjani. "Laini ya kwanza, unga umeisha!" Tunacheka, tunakwenda.

Hoki yenyewe ilituingia kupitia Otieno, Mkenya wa Kisumu, mrefu, mdomo hauna breki. Alikuwa anafagia viti kule mjini kwenye ukumbi wa barafu mechi zikiisha. Akatuletea skafu nyekundu, akatuletea na huo ugonjwa. Mwanzoni sisi wa soka tulimcheka. Wanaume wazima wanateleza, wanapigana vikumbo kwa ajili ya kisahani cheusi ambacho hata hukioni! Mwaka haukuisha, sote tuko pale, tunamtukana golikipa kama vile tumesoma naye.

Sasa paja. Ghala tulilofanya kazi lilikuwa na mstari mwekundu ukutani, maboksi hayatakiwi kupita pale. Msimamizi wetu, Gregori, naye namtaja, alikuwa na haraka ya kwenda mapumziko. Akasema pandisheni tu, mtapanga vizuri kesho. Tukapandisha. Maboksi ya maji ya chupa yalinishukia kabla ya hiyo kesho kufika. Nyonga ikavunjika, paja likavunjika. Gregori akaenda kusema ofisini kwamba nilikuwa nacheza. Mimi nacheza! Na boksi la maji! Nimemsamehe kwa mdomo, kwa sababu mchungaji wa mke wangu na shehe wangu wote wawili walinitaka nimsamehe. Moyo bado uko njiani.

Hospitali wakanishona, wakanipa fremu ya kutembelea, wakanirudisha nyumbani. Ngazi sikuweza, gari sikuweza. Na mimi ndiye niliyekuwa nadraivu asubuhi, mwanangu, kwa sababu Otieno leseni hakuwa nayo na Selemani alipenda kulala njiani. Basi uelewe shida ya nyumba ilikuwa wapi.

Ndiyo hiyo jioni. Televisheni inawaka, timu inafungwa, na Otieno ameshika kichwa.

"Kepteni amezeeka, maze! Cheki vile anateleza, kama amebeba gunia. Atolewe!"

"Tatizo ni kocha," akasema Selemani. "Anachanganya laini kila mechi. Leo huyu yuko na huyu, kesho yuko na yule. Mimi ningekuwa pale, kepteni ningempumzisha moja kwa moja. Asirudi. Timu haina nafasi ya kulea mgonjwa."

Halafu Selemani akapunguza sauti, siyo ya televisheni, yake.

"Na humu ndani pia. Kuna kijana yuko Ohio, leseni anayo, mgongo mzima, anataka kuhamia Jumamosi. Hamisi hatuwezi kumbeba. Tumtafutie sehemu."

"Sehemu wapi?" akauliza Otieno.

"Sehemu. Kuna makanisa, kuna misikiti. Kitanda chake si kiko wazi? Analala sebuleni."

Hamisi ni mimi. Nilikuwa hatua tatu nyuma yake, kasahau au hakusahau, sijui. Kitanda kilikuwa wazi kwa sababu sikuweza kupanda juu yake, nilihitaji godoro chini. Nikasubiri Otieno aseme kitu. Otieno akasema, "Aki, sijui, Kocha," akaangalia miguu yake. Mle ndani ndimo nilimokuwa na mahali duniani, sikuwa na pengine. Nikageuza uso ukutani. Mwanangu, ukuta wa nyumba ya kupanga una rangi mbaya sana ukiutazama kwa karibu.

Mlango ulikuwa haujafungwa, na Mama Furaha alishaingia. Huyu alikaa ghorofa ya chini yetu, mama wa Bukavu, Kongo, kazi yake kufua mashuka ya hospitali. Hoki aliipenda kutuzidi sote, na siku za mechi alipanda na sufuria ya sombe, kisamvu chao, anakaa kiti chake cha plastiki, anasali kabla kisahani hakijadondoshwa. Siku ile alisimama na sufuria yake pale mlangoni, na alikuwa amesikia.

Hakupiga kelele. Aliweka sufuria mezani, akamnyang'anya Selemani rimoti, akazima sauti.

"Weye Selemani. Angalia pale. Ule kepiteni anafanya nini?"

"Anatoka, mama."

"Nani amemufukuza?"

"Hajafukuzwa, mama. Laini inabadilishwa. Wanacheza chini ya dakika moja, wanachoka, wanatoka."

"Anaenda wapi?"

"Benchi."

"Bamemuvua jezi?"

Selemani akacheka kidogo. "Hapana, mama."

"Bamempatia mutu mwingine kiti yake? Bamempeleka kanisani?"

Hapo hakucheka tena.

"Nyamaza, angalia," akasema mama.

Tukaangalia wote, hata mimi niligeuka kutoka ukutani. Kepteni amekaa, anakunywa maji, jasho linamtoka, macho yako uwanjani. Laini ya pili ikaingia, ikatoka. Ya tatu ikaruka ule ukuta mfupi, ikaingia. Laini ya nne, wale ambao majina yao hata Otieno alikuwa hayajui vizuri, wakahangaika, wakatoka. Halafu kepteni akasimama, akauruka ukuta na gunia lake.

"Anarudiya," akasema Mama Furaha. "Muko nasema ekipe, timu yenu, inapoteza juu ya ule muzee. Mie sijue. Bishaneni, njo raha ya mechi. Lakini hapa nyumbani, mutu iko kwa benchi. Muko laini ngapi humu?"

Akahesabu mwenyewe kwa vidole vyake vilivyojaa mafuta ya mawese. Otieno asubuhi, kuniogesha kabla hajaenda kazini. Yeye mwenyewe mchana, akitoka kufua. Selemani jioni, kunisimamisha na fremu, kutoka sofa mpaka dirishani na kurudi.

"Na laini ya ine?" akauliza Otieno, anamuiga matamshi yake, nadhani alitaka tucheke.

"Ya ine ni Hamisi mwenyewe. Laini yake itaingia."

Halafu akanijia mimi nyuma ya sofa, na hapa mimi nilitegemea pole. Sikupata pole.

"Na weye! Unageukia ukuta juu ya nini? Mutu wa benchi anaangalia mechi. Anakunywa maji. Anajua nani amechoka pale ndani. Ukigeukia ukuta, siku bakikuita utajuaje pa kuingilia? Kaa!"

Akanipakulia sombe na wali, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki, akawasha sauti. Tulifungwa siku ile. Alimtukana golikipa kwa Kifaransa.

Sasa usidhani mambo yalinyooka. Otieno aliamka. Anakuja na maji ya moto, anafunga macho ananiogesha, anaimba ili asione aibu, na mimi namwambia, "We Mjaluo, hapo ni shingo, siyo sahani." Mama Furaha alikuja kila siku na alinuka sabuni ya hospitali. Selemani, jioni ya kwanza alinisimamisha. Alinishika kama unavyoshika mbuzi wa mtu. Jioni ya pili akasema ana simu. Ijumaa, nikiwa nimesinzia, akapakia nguo zake, akachukua gari letu sote, akahamia upande wa Virginia kule Fairfax na kijana wake wa Ohio. Kuaga hakuaga. Na rimoti alikuwa ameitia mfukoni kwa mazoea, akaondoka nayo.

Umecheka? Cheka tu. Sisi tulicheka baadaye sana.

Maana televisheni ile ya zamani kitufe chake kilikuwa pembeni, juu kabisa, na sisi tuliiweka juu ya kabati. Bila rimoti lazima mtu asimame, anyooshe mkono. Ikafika siku ya mechi, Otieno yuko mjini anasubiri kufagia viti, Mama Furaha yuko kwenye ngazi na sufuria yake, namsikia anahema. Mechi inaanza. Mimi niko kwenye godoro. Nikaiangalia ile televisheni nyeusi, nikamkumbuka Selemani, nikasema tusi ambalo sitakuandikia. Nikavuta fremu. Sofa nikaishika, fremu nikaishika, paja linawaka moto. Hakuna mkono wa mtu uliokuwa umenishika. Nikafika kabatini, nikanyoosha kidole, nikabonyeza.

Mama Furaha aliingia akanikuta nimesimama, natetemeka, uso umelowa, na nyuma yangu watu wanateleza barafuni. Akaweka sufuria chini, sakafuni kabisa, akapiga makofi, akaita mpaka majirani wa Kisalvadori wakafungua mlango.

"Laini ya ine imeingia! Imeingia!"

Timu ilipata nafuu msimu ule, lakini sikumbuki ilifika wapi. Nakumbuka kile kitufe.

Sasa nije kwenu. Nawasikia kwa kinyozi. Timu imeanza vibaya tena, na nyie mnanijibu kwa Kiingereza kana kwamba kwa lugha hiyo golikipa atakuwa bora zaidi. Huyu mzee atolewe, yule kijana apandishwe laini ya kwanza, kocha afukuzwe. Semeni. Mimi pia nina maoni, na nadhani walinzi wetu wanalala. Lakini juzi kwenye kundi letu la simu, baada ya kumalizana na timu, mmoja wenu akaandika kuhusu Mama Furaha. Mnajua yuko Bladensburg siku hizi, magoti yamekataa, kitandani hatoki bila mtu. Akaandika kwamba sisi tuna shifti, hatuwezi kumbeba, atafutiwe sehemu.

Neno lile lile. Sehemu. Sitamtaja, kwa sababu ni mtoto, na mtoto anaweza kufuta alichoandika.

Mimi nina uchungu mwingi, mwanangu, watu wangu wa nyumbani wanajua. Nimewataja Gregori na Selemani, na Mungu akinipa umri nitawataja tena. Lakini nikipima, shukrani zangu ni nzito kuliko uchungu wangu, na zote zimelala kwenye kile chumba kimoja Bladensburg, zinaangalia hoki bila sauti kwa sababu sikio nalo limeanza kuchoka. Otieno, sasa ana mvi na bado hana breki, anakwenda asubuhi. Mke wangu anakwenda mchana. Mimi nakwenda jioni na fimbo yangu. Namshika mikono yote miwili, kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, sina nyingine. Bishaneni juu ya timu mpaka kinyozi awafukuze. Lakini mtu wenu akichoka msimwondolee kiti chake, na msimjadili mbele yake kama hayupo, anasikia. Nendeni zamu fupi fupi, kila mtu kidogo, hamtavunjika migongo. Na siku mtakapochoka nyie, msigeukie ukuta. Kaeni muangalie mchezo, mle mnacholetewa, mjue mtakapoingilia. Laini yetu ya nne kule Bladensburg haina mtu. Ni Jumamosi, siku ya mechi. Nenda na sombe, ukikosa sombe nenda na mdomo wako na golikipa wako mbaya. Ukifika atakuuliza weye ni wa laini gani. Mwambie.

Mungu akujaalie pumzi, mwanangu, uruke ule ukuta kila utakapoitwa. Akujaalie na watu wa kuuruka kwa ajili yako siku miguu yako itakapokataa. Na mwenye rimoti yetu, popote alipo Fairfax, Mungu amjaalie naye mtu wa kumshika mkono, hata kama ni mimi. Amina.