Niliwaambia Wote Watachomwa Dawa

Admin nifichie jina, maana hapa Kasulu tunajuana wote. Mimi ni bibi wa miaka sabini na mbili, mjane, nina wajukuu tisa na siri moja iliyonichosha.

Mwishoni mwa miaka ya sabini tulikuwa kijiji cha ujamaa upande wa Kibondo. Wakaja madaktari kujaribu chanjo ya kipindupindu, wanatafuta watu wa kujitolea. Marehemu mume wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, na mimi ndiye niliyejua Kiswahili vizuri, basi nikafanywa mkalimani. Nilikuwa na darasa la saba na maringo ya chuo kikuu.

Daktari akasema, "Waeleze hili ni jaribio. Wengine watachomwa chanjo, wengine maji ya chumvi tu, na hata sisi hatujui nani kapata nini. Kwa hiyo wote waendelee kuchemsha maji. Asiyetaka asilazimishwe."

Nikaona nikiyasema hayo kwa Kiha chetu watu watacheka waondoke, na mume wangu alishaahidi orodha itajaa. Nikawaambia wote watachomwa dawa. La kuchemsha maji nililigusia haraka haraka mwishoni.

Jirani yangu Mama Yosia, aliyekimbia mauaji Burundi na mwanawe wa pekee, Yosia, mgongoni, alinishika mkono. "Dada, ni umuti kweli, ni dawa? Nimtoe mwanangu?"

Nikamjibu, "Ni umuti. Mtoe."

Kuni zilikuwa mbali mno na kijiji kile, akaacha kuchemsha maji. Nilimwona akimnywesha Yosia maji ya mtoni nikanyamaza, maana ningeanzia wapi? Ugonjwa ulipofika, Yosia alikufa kwa siku moja. Baadaye madaktari walifungua karatasi zao nikaambiwa mtoto yule alichomwa maji ya chumvi. Hilo nalo sikulitafsiri.

Mimi na Mama Yosia tulihamia wote huku Kasulu, tumezeeka pamoja. Ndiye aliyekaa nami matanga yote ya mume wangu. Sasa yuko kitandani, hainuki bila kushikwa, na wiki iliyopita akaniambia, "Wote walichanjwa, akafa wangu peke yake. Basi ni uchafu wangu, dada. Mimi ndiye niliyemuua."

Kumbe amejilaumu miaka yote hii! Nililia, na yeye mgonjwa akaanza kunibembeleza mimi. Jamani, mimi!

Nimejaribu kusema mara tatu, kila mara naishia kumuuliza kama amekunywa uji. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, lakini hawakumwona Mama Yosia anavyolia. Nikisema naogopa atakufa akinichukia, na sina rafiki mwingine duniani.

Leo Ijumaa. Jumapili anataka nimpeleke kwa padri akaungame kwamba alimuua mwanawe. Nishaurini wanangu, nifanye nini, maana nimeshamkubalia kwamba nitampeleka.