Alama Tatu za Mtani Wangu

Jumapili alasiri, wenzetu wakiwa wamelala au wamekwenda kusukwa, sisi hucheza rede nyuma ya nyumba yangu, mtaa wa Mabwerebwere, Kilosa. Sizungumzii watoto. Ni sisi wenyewe, wanawake wazima, wengine tuna wakwe, tunafunga kanga kiunoni na kurushiana mpira wa soksi uliojazwa vitambaa mpaka jasho litutoke. Mwaka wa kwanza wanaume waliopita njia walicheka. Siku hizi wanapita wameinama, maana yupo mmoja mpira ulimkuta kisogoni na hakuna aliyemwomba radhi.

Kila ua una rede yake, kwa hiyo nieleze ya kwetu. Tunagawana timu mbili. Warushaji wawili husimama, mmoja upande wa jiko, mwingine upande wa michongoma, na katikati yao huingia mtu wa timu ya pili na chupa tupu. Mpira ukirushwa anaukwepa. Wakati unaokotwa upande wa pili, anachota mchanga kwa kiganja na kuutia kwenye chupa. Mpira ukimgusa ametoka, anaingia mwenzake. Chupa ikijaa kabla watu hawajaisha, timu yake imeshinda. Ugomvi wote uliobaki tumeutengeneza wenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ualimu hauachwi getini. Nilichoka na jinsi tulivyokuwa tukigawa timu, kila mtu akimvuta shoga yake na wasiojua kurusha wakibaki ukutani kama mizigo. Nikanunua daftari la kurasa themanini na kalamu nyekundu. Kila mchezaji nikampa alama juu ya kumi: nne za kukwepa, tatu za kurusha, mbili za kujaza chupa, na moja ya ukweli, yaani ukiguswa utoke bila kuulizwa. Hiyo moja karibu wote waliikosa. Kwa alama hizo niligawa timu zilingane. Mwenyewe nilijipa nane, na kelele zilizotoka siku hiyo zilimfanya mume wangu atoke ndani na fimbo akidhani tumeona nyoka.

Kanuni nazo zikaanza kuongezeka. Tulibishana Jumapili mbili kama mpira ukigusa kanga umemgusa mtu. Mmoja wetu, mpenzi wa madera mapana, alisema nguo si mwili. Mwenzake akamuuliza, je, mtu akimshika dera sokoni atasema hajaguswa? Kanuni ikaandikwa: nguo ni mwili. Kuku akipita uwanjani, mchezo usimame. Mchanga wenye kokoto hauhesabiwi. Kila kanuni kwenye daftari langu ina mkosaji wake, na ningeweza kumwonyesha kwa kidole.

Aliyekuwa hodari kuliko wote ni jirani yangu wa nyumba ya tatu. Babu yake aliletwa Kilosa na kazi za reli kutoka upande wa Tabora, na familia haikurudi. Yeye Mnyamwezi, mimi Mkaguru, kwa hiyo ni watani, na utani wetu hatuuchezi kwa nusu. Aliwahi kuja kwenye msiba wa shangazi yangu akalala penye jeneza na kudai hatoki mpaka apewe kuku. Mimi nami humwambia maneno ambayo mtu mwingine akiyasema ataitwa ofisi ya mtaa. Sheria kubwa ya utani ni moja tu, mtani hanuni. Ukinuna umeshindwa, na watu watakucheka mara mbili.

Daftari lilipoanza nilimpa tisa. Alikuwa akiingia katikati na chupa yake, mpira unampita ubavuni kama wanaelewana, naye anachota mchanga huku akiwaimbia warushaji. Halafu, baada ya mvua za masika, alianza kuguswa. Nikampa sita. Kisha nne. Mpira wa kwanza alikuwa akiukwepa vizuri, lakini ukirudi kutoka upande wa pili unamkuta amesimama, anageukageuka kama aliyeitwa na asijue ni nani kamwita.

Jumapili moja, baada ya kutoka mapema kuliko wote, alisema, "Mwalimu, tuongeze kanuni. Anayerusha aite kwanza. Aseme 'Haya!' ndipo arushe."

"Unataka na kadi ya mwaliko?" nikamuuliza.

Wenzetu wakacheka. Yeye akaendelea. "Nyie Wakaguru mnarusha kwa kuvizia, kama mnaiba ndizi. Mtu aite, basi."

"Na nyie mlifika hapa kutoka Tabora mmechoka, na mpaka leo hamjapumzika," nikamjibu. "Kama huwezi kukwepa, kaa ukaange karanga."

Niliandika kwa kalamu nyekundu: Hoja imekataliwa. Pembeni ya jina lake nikaweka tatu, na maoni kama ya ripoti ya mwanafunzi: Mzembe, haangalii mpira. Kisha nikasimama nikayasoma kwa sauti, kama ninavyosoma matokeo siku ya kufunga shule, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Nilipofika kwake, alijipigia makofi na kujipigia vigelegele. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nilijiona mtu wa maana sana siku ile.

Jumapili iliyofuata hakuja. Tukasikia amekwenda Mikumi kwa binti yake aliyejifungua. Arobaini ikapita, mtoto akaota na meno, bibi hajarudi. Nikipiga simu ananijibu kwa ufupi, "Nipo, mtani, nalea." Hanitukani wala haniulizi kama Wakaguru wameanza kuoga. Nikajua amenuna. Badala ya kujiuliza kwa nini, nilikasirika. Nilituma ujumbe kwenye kundi letu la simu kwamba Mnyamwezi wetu kashindwa utani, kakimbilia kwa wajukuu. Wenzangu waliweka vicheko. Yeye aliusoma na kunyamaza.

Likizo ilipofika nilikwenda Mikumi. Niliwaambia watu nakwenda kumtazama mtoto, na mchele nilibeba, na doti ya kanga. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemkumbuka, na Jumapili bila yeye zilikuwa zimegeuka zoezi.

Binti yake anauza chakula kando ya barabara kuu, na chumba walichopanga kiko ng'ambo. Alinipokea kwa adabu, "Shikamoo, mama mwalimu," nikaitikia marahaba, nikamshika mtoto, nikala wali na maharage. Jirani yangu alikuwa amekaa kwenye benchi, mpole kama mgeni. Baadaye akasema twende chumbani tukapumzike.

Ili kufika chumbani lazima uvuke barabara, na barabara ya pale ni ya malori ya safari ndefu. Tulipofika ukingoni, nilihisi ameshika pindo la kanga yangu kwa vidole viwili, taratibu, kama anayetoa uzi. Akageuza kichwa chote kushoto, kisha chote kulia. Lori likapita. Akiwa bado anatazama kulia, pikipiki iliyobeba kreti za soda ikatokea kushoto, haina hata mwendo. Mimi niliiona kwa pembe ya jicho. Yeye akapiga hatua mbele. Nilimvuta kwa nguvu, kanga ikachanika.

"Mama, huoni?" dereva akafoka.

"Sioni," akajibu, wala hakuwa anatania.

Tulivuka, tukakaa kwenye kizingiti cha chumba. Akanieleza bila kunitazama. Ni presha ya macho. Alipimwa Morogoro mara tu baada ya masika, alama zake zilipoanza kushuka. Mbele anaona, lakini pembeni pamekufa, macho yote mawili, ni kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alimwambia kilichokwenda hakirudi. Dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki.

"Mpira ukitoka kwa mrushaji nauona," alisema. "Ukishanipita, nikigeuka, sijui uko wapi. Kama mtu angeita, ningejua pa kugeuzia uso."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulinitania mbele za watu. Ningelia?"

Nimesahihisha madaftari kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimewahi kumchapa mtoto kwa kutonakili ubaoni, na wiki ya pili mzazi wake akamleta amevaa miwani. Nilijiapiza siku ile kwamba sitarudia, na sasa nilikuwa nimerudia kwa mtu mzima, kwa kalamu nyekundu, tena kwa sauti. Nililia mimi, yeye akanitazama tu.

"Usiwaambie," alisema nilipotulia. "Wakijua watanikalisha kwenye kiti na kunipa soda. Watarusha polepole, halafu watanisifu. Heri nibaki huku na mjukuu. Mimi nataka kucheza, mtani. Ninaacha kuona taratibu, sitaki niache na mchezo." Baadaye aliwaambia mwenyewe, kwa wakati wake, ndiyo maana leo naweza kuandika.

Nikamwahidi kuipitisha ile kanuni yake bila kutaja macho; basi akarudi Kilosa na mimi nikabaki na kazi. Jumapili iliyofuata nilisimama na daftari nikasema napendekeza kanuni mpya: anayerusha aite "Haya!" kwanza.

Ua mzima ukalipuka. "Si ulisema kadi ya mwaliko?" "Mwalimu, hoja ilikataliwa, tumeiona kwa wino mwekundu!" Mwenye dera akataka sababu, kwa kuwa mwenyewe niliweka sharti kwamba kanuni haibadilishwi bila sababu. Sababu ninayo mdomoni, imesimama mbele yangu na chupa mkononi, na sina ruhusa ya kuitaja.

"Nilikosea," nikasema.

"Ulikosea nini?"

"Nilikosea tu. Andikeni mwalimu kakosea."

Hapo ndipo yule jirani yangu alipopata nafasi yake. Alinizomea kuliko wote. Alisema Wakaguru akili zao hufika na treni ya mizigo, tena iliyochelewa. Aliwaomba wenzake wanipe sifuri na kunirudisha darasa la kwanza. Nilisimama nikameza kila neno, na uchungu wake niliuona unanifaa. Kanuni ikapitishwa kwa mikono yote, nadhani kwa furaha tu ya kuniona nimenywea.

Mimi nilikuwa mrushaji wa upande wa michongoma. Aliponipita kwenda katikati, alisema chini chini, "Ukinihurumia, kesho nimerudi Mikumi."

"Haya!" nikaita, nikarusha. Alikuwa amegeuza shingo yote kunifuata sauti, akainama, mpira ukapita juu ya sikio. Akachota mchanga. "Haya!" upande wa jiko. Akageuka, akaruka, kwa kuchelewa kidogo, lakini akapona. Watu wakapiga kelele. Chupa ikafika nusu. Nikauokota mpira, na pale nilipomwona amejikunja na ile chupa, uso ukitafuta, nilitamani sana kuurusha chini kidogo. Wala kosa hilo lisingeonekana. Tungejua wawili tu.

Nikaita, nikarusha kwa nguvu niliyonayo. Ulimpiga begani, ukalia.

"Umetoka," nikasema.

Akatoka. Akaenda moja kwa moja kwenye daftari lililokuwa juu ya ndoo. Lile neno la uzembe nilikuwa nimeshalifuta mpaka karatasi ikatoboka. "Alama zangu za leo?" akauliza.

Nilihesabu kama ninavyomhesabia mtu yeyote. "Tano."

Alinipokonya daftari, akalisogeza karibu na pua, akaupitisha uso wake mstari kwa mstari mpaka akalipata jina lake. "Tano? Nimekwepa mara mbili, nimejaza nusu chupa, na nimetoka bila kuulizwa. Tano?"

"Mara ya pili ulichelewa. Ilikuwa bahati."

Nilingoja tusi la Wakaguru. Halikuja. Akalitupa daftari mchangani, akafungua kanga kiunoni, akajitanda, akaondoka bila kumuaga mtu, mkono mmoja ukipapasa michongoma mpaka getini. Wenzangu wakanigeukia. Mwenye dera akanisihi nimkimbilie, nimwongezee hata moja, alama ni kitu gani.

Sikumkimbilia. Tangu Mikumi nilikuwa nikiogopa kwamba ataaga mchezo kwa upole, akitabasamu, kama watu wanavyoaga. Ile haikuwa kuaga. Ile ilikuwa hasira ya mchezaji.