Nilivyowasalimia Wakwe Nikiwa Juu ya Lifti ya Magari

Jamani, aibu hii nimeificha kama jipu, lakini kwa kuwa leo tuko wenyewe, chekeni mmalize.

Ilikuwa siku ya kupeleka mbege ya posa, ile pombe yetu ya ndizi, Old Moshi kwa kina Neema, mchumba wangu, na baba yake alikuwa ameshasema wazi kwamba vijana wa mjini hatuna utulivu, kwa hiyo mbege ndiyo ingenisemea. Mnajua pipa la posa likifika limepungua, wazee wanasoma tabia yako humo humo, na mbege huwezi kuibana kifuniko maana inafura, basi nikakaa kiti cha nyuma nimelikumbatia pipa na rafiki yangu Elia akaendesha. Kufika Njoro bomba la ekzosi likalegea likaanza kuburuzika kwenye lami. Elia ni fundi, gereji yake iko hapo hapo, akasema dakika kumi tu, shuka tupandishe gari.

"Sishuki," nikamwambia. "Pipa litayumba."

(Kanuni ya gereji inakataza mtu kubaki ndani, na Elia aliijua, ila siku hiyo nilikuwa bwana harusi mtarajiwa, nani angenibishia?)

Akaweka ile mikono minne ya lifti chini ya gari, akaipanga kwa uzito wetu, mimi na pipa, akabonyeza, mota ikasukuma mafuta, tukapanda taratibu kati ya zile nguzo mbili mpaka nikaona mabati ya majirani. Nikafurahi kweli! Ekzosi ikafungwa, na hapo hapo umeme ukakatika.

"Usitikisike!" Elia akapiga kelele. "Vyuma vya usalama vimeshika, na kuviachia lazima mota iinue kwanza. Ukitoka, nyuma inakuwa nyepesi, gari linaangukia pua!"

Saa mbili nzima. Wauza nyanya wakaja, wenye bodaboda wakaja, mmoja akauliza kama kule juu kuna mtandao. Baba mdogo, mshenga wangu, aliyekuwa ametangulia kwa wakwe, alipopiga simu nikamwambia ukweli, naye badala ya kunisitiri akawaambia wazee, na wazee wakashuka kuja kujionea.

Ndipo nikawaona, baba Neema mbele, kofia kichwani. Sasa mkwe unamwamkiaje ukiwa juu yake? Nikatoa kichwa dirishani.

"Shikamooni wazee!"

"Marahaba," akajibu, shingo imempinda. "Umehamia darini?"

Watu wakaangua kicheko, mimi nikatamani gari lianguke tu yaishe.

Umeme uliporudi, lifti ikainuka kidogo, vyuma vikaachia, ikanishusha polepole mbele ya ule umati, nimekumbatia pipa. Mzee akafungua kifuniko, akatazama. Halikupungua hata kata moja. Akachota, akanywa, akafuta sharubu.

"Kijana aliyekaa huko juu saa mbili asiiache mbege yetu," akawaambia wenzake, "huyu hatamwacha binti yetu."

Neema ni mke wangu sasa, namshukuru Mungu, na nimeapa sibaki tena ndani ya gari linaloinuliwa, hata kwa jeki ya kubadilishia tairi. Lakini mzee bado anaisimulia sifa ile kwenye kila sherehe, nami nainamisha kichwa kwa unyenyekevu, maana sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba lile pipa nililishikilia kwa woga wa kuanguka tu, na wakati wa kushuka macho nilikuwa nimefumba.