Siku Wifi Alipohesabu Watu

Wifi yangu alikuwa askari magereza kwa karibu miaka thelathini, na alipostaafu alirudi nyumbani na vitu viwili: magoti mabovu na sauti. Magoti tumeyazoea. Sauti ile, mpaka leo akimfukuza paka, jirani wa pili anaacha anachofanya. Mtaani wanamwita Afande, hata watoto wasiojua kwa nini. Ni dada wa mume wangu, anakaa chumba cha uani, na kwa kuwa wifi na wifi hawakosi la kusemana, leo nitamsema. Ila nitamsema kwa haki.

Wenzake wakistaafu hufuga kuku. Yeye alianza kufuga wafungwa. Hayo ni maneno yangu, hayapendi. Ilianza siku mwanamke mmoja alipomsimamisha sokoni na kumwambia, "Afande, ulinifungulia geti ukaniambia nisirudi. Haya, nisirudi huko niende wapi?" Wifi alikuja nyumbani akakaa kitandani na viatu miguuni, chakula changu hakukigusa. Asubuhi alivaa gauni lake la kijivu, akamchukua yule mwanamke na kwenda kumtafutia kazi.

Basi ikawa ndiyo kazi yake. Alibisha hodi kwenye majiko ya shule, kwa mafundi cherehani, kwenye nyumba za wageni. Alikuwa na sharti moja ambalo mimi niliona ni la kichaa: neno la kwanza getini ni ukweli. "Huyu alifungwa. Mimi ndiye niliyekuwa namfungia mlango, kwa hiyo namjua." Tajiri alikuwa anasikiliza kwa adabu, huku anausogeza mkoba wake karibu na mapaja, kisha anasema nafasi zimejaa. Mwanamke mmoja alipata kuosha masufuria shuleni, akadumu wiki moja tu. Sufuria lilipotea, akafukuzwa. Sufuria likaonekana nyumbani kwa mpishi mkuu, na hakuna aliyekwenda kumwita yule mwanamke arudi. Mimi nashona nguo za watu; nilikasirika mpaka nikachoma pindo la sketi ya mteja kwa pasi.

Halafu akaja Kimya. Jina hilo nilimpa mimi, maana alikuwa anajibu kwa macho. Alikuwa mfanyakazi wa ndani, akamwibia mama mwenye nyumba dhahabu zake. Aliiba kweli, hata mara moja hakusema alisingiziwa. Aliingia gerezani akiacha mtoto wa kike anayenyonya, akatoka mtoto anajua kusoma. Mtoto alilelewa na dada yake Kimya, na dada mtu alimwambia mlangoni, bila kumkaribisha ndani: "Mtoto anajua mama yake yuko safarini. Pata kazi, kaa nayo, nione umetulia. Hapo nitamwambia umerudi. Ukija mikono mitupu utamtia mwanangu wazimu." Alisema mwanangu. Kimya alinisimulia hayo huku ananisaidia kushona vifungo, na hakutoa chozi. Nililia mimi.

Alilala chumbani kwa wifi, kwenye mkeka. Nilikuwa nampenda na alikuwa ananichosha. Akifika mlangoni, hata uwe wazi nusu, anasimama anangoja mtu aufungue. Alikuwa anakula ameizungushia sahani mkono. Akitaka kwenda chooni anasimama wima, "Naomba ruhusa, mama." Nikamwambia, "Mwanangu, choo cha humu hakina mlinzi, kina mende tu. Nenda." Alicheka kidogo. Kesho yake akaomba ruhusa tena.

Walizunguka naye mji mzima. Kila walipotaja gereza watu walikuwa wanauliza kosa, na wakisikia wizi wa nyumbani, mazungumzo yanaishia hapo. Jioni moja Kimya alikaa kwenye ngazi, akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Afande, kule nilikuwa najua nikiamka nafanya nini." Wifi aliingia chumbani kwake, na mimi nikamfuata.

"Umemsikia?" nikamuuliza.

"Nimemsikia. Wanaosema hivyo hurudi, wifi. Nimewapokea wengi kwa mikono hii."

"Basi acha huo ukweli wako unaotulaza na njaa. Sema ni mtoto wa ndugu yako, katoka shamba. Kwani nani atakuuliza?"

"Njia ya mwongo ni fupi."

"Na ya mkweli imetufikisha wapi?"

Kesho yake wifi alikwenda kwenye kiwanda cha dobi, kile kinachofua mashuka ya hoteli na hospitali, akamwambia mwenye kiwanda kwamba amemletea mpwa wake.

Kimya alipokewa siku hiyo hiyo. Alikuwa anajua kufua, kukamua na kukunja, maana gerezani ndiyo kazi waliyompa. Mashuka yalikuwa yanatoka kwenye mashine ya pasi yakiwa ya moto, wenzake wanayatupiana huku wanapuliza vidole, yeye anayapokea, anaoanisha pembe na pembe, analaza. Mwenye dobi alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Alimwambia wifi, "Mpwa wako huyu, ningekuwa na watatu kama yeye ningelala mchana." Wifi alirudi anatabasamu kama bibi harusi. Kimya naye akaanza kubadilika. Siku moja aliufungua mlango wa jikoni mwenyewe, akaingia, ndipo akagundua alichofanya, akabaki ameshika kitasa. Mimi na wifi tukapiga makofi.

Dada mtu akapata habari. Akatuma neno: Jumamosi mje, nitakuwa nimeshamwambia mtoto. Nikamshonea yule binti gauni la bluu kwa vitambaa vilivyobaki. Kipimo nilikisia.

Ijumaa Kimya alisahau chakula chake nyumbani. Mimi na wifi tulikuwa tunakwenda sokoni, tukasema tumpitishie. Siku hiyo mwenye dobi alikuwa amemleta fundi wa mitungi ya kuzimia moto awafundishe wafanyakazi: ikipulizwa filimbi, kila mtu aache kazi, atoke uani, apange mstari. Sisi hatukujua. Tulikuwa ndio kwanza tunaingia getini wakati filimbi ilipolia.

Watu wakatoka mbio, wanacheka, wengine na ndala mkononi. Kimya alitoka wa kwanza. Alikwenda moja kwa moja mpaka mwanzo wa mstari, akachuchumaa, akaweka mikono kichwani, akainamisha uso.

Hilo lingefichika. Wenzake walidhani anatania, mmoja akachuchumaa nyuma yake kwa mzaha. Ningesema ana kizunguzungu, ningesema chochote, mdomo ninao. Lakini nilipogeuka, wifi hakuwa kando yangu. Alikuwa ameshafika kwenye mstari. Mgongo umenyooka, magoti sijui yalipona vipi, kidole mbele. "Mmoja! Wawili! Watatu!" Sauti ile. Alipita mstari mzima, mtu kwa mtu, mpaka fundi wa mitungi naye akahesabiwa, na mwisho akapiga kisigino chini. "Kamili!"

"Kamili, afande!" Kimya akaitikia pale chini.

Watu walicheka. Kisha kicheko kikafa, kwa sababu wifi alikuwa amesimama ameshika mdomo wake kwa mikono miwili, na Kimya hakuwa anainuka. Alikuwa hajapewa amri.

Mwenye dobi si mtu mbaya, na afadhali angekuwa mbaya, ningepata wa kumlaani. Alituita kando. "Mama, ungeniambia," alisema.

"Ungemchukua?" wifi akamuuliza.

Alifikiri kweli, nilimwona. "Sijui. Lakini sasa sina hata hiyo sijui. Mashuka ya watu yanapita hapa, na mikoba inasahaulika ndani yake, na vito. Nikinyamaza leo, kesho hoteli wakisikia, nafunga. Na umenidanganya wewe, ambaye ndiye ungekuwa shahidi wake. Nimwamini kwa neno la nani?"

Mimi nilikuwa na jibu, tena la matusi, nikalimeza.

Njiani Kimya alitembea nyuma yetu. Wifi alisimama akamgeukia, "Nisamehe, mwanangu. Sijui nini kilinishika. Filimbi ililia tu, nikaona…"

"Si kosa, afande," Kimya alisema. "Hata wewe bado hujatoka."

Nakwambia, alisema bila kinyongo, kama anayemwambia mtu kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka. Wifi alikunja uso akatangulia. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, lakini sidhani waliwahi kuona taabu ya namna ile.

Mji una masikio. Mmoja wa wafanyakazi wa dobi anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa dada mtu. Jumamosi tulifika na gauni la bluu. Dada alitoka nje akaufunga mlango nyuma yake. "Nilikwambia utulie," alisema, na alikuwa analia, nisimsingizie. "Mtoto wa jirani ameshamuuliza mtoto kama mama yake alikuwa jela. Naye ananiuliza mimi, nijibu nini? Nendeni tafadhali. Nendeni." Ndani tulisikia sauti ndogo inauliza ni nani. Gauni nililiacha dirishani, na ndani nikamwona yule mtoto amesimama. Lilikuwa fupi, nililiona hivyo pale pale. Yule mtoto alikuwa mrefu kuliko tulivyomkisia.

Jumatatu wifi aliamka akavaa gauni lake la kijivu, tayari kwenda kuanza upya, na ukweli wake mdomoni. Mkeka ulikuwa umekunjwa, pembe na pembe. Kimya hakuwepo.

Saa nne mwenye dobi alimtuma mtu. Njooni mbio. Tulikimbia, yaani mimi nilikimbia, wifi alijikokota huku anamwita Mungu. Kimya alikuwa ameingia kiwandani mbele ya watu wote, akachukua bunda la mashuka ya hoteli kutoka rafuni, akatoka nalo mpaka nje ya geti. Hakwenda popote. Aliliweka chini, akachuchumaa kando yake, mikono kichwani, akangoja.

"Nimemwambia arudishe, yaishe," mwenye dobi alisema. "Nimemwambia arudi hata kazini, nimemwambia mbele ya watu. Hanisikii. Mlinzi wangu ameshapiga simu polisi, sikumtuma mimi."

Nilimshika Kimya bega. "Inuka mwanangu, twende nyumbani." Bega lilikuwa gumu kama ukuta. "Kuna mtoto wako, unamwachaje?"

"Atasema niko safarini," alinijibu. "Anajua hilo."

Nikamgeukia wifi. "Mwamrishe! Sauti hiyo uliyomharibia nayo, itumie sasa! Mwambie ainuke!" Nilipiga kelele, sikujali nani ananisikia. Nilikuwa na hakika angeinuka. Amri ya afande angeitii.

Machozi yalikuwa yanamtiririka wifi mpaka shingoni. "Nikimwamrisha leo," aliniambia polepole, "kesho atangoja nani amwamrishe kula?" Kisha akashika ukuta kwa mkono mmoja, akaanza kushuka. Magoti yake yalilia, sote tulisikia. Akachuchumaa kando ya Kimya, bega kwa bega, akaweka mikono yake yenye mishipa juu ya kichwa chenye mvi.

Kimya aligeuza uso, akamtazama. "Afande, inuka. Utaumia."

"Inuka wewe kwanza."

Hakuna aliyeinuka. Gari la polisi lilipinda kona, likasimama. Askari kijana akashuka, akaangalia bunda, akaangalia wanawake wawili wamechuchumaa, akamuuliza mwenye dobi, "Ni hawa wawili?"

"Mmoja tu," mwenye dobi akasema. "Huyu mama si…"

Nilingoja wifi naye aseme ni mmoja. Yeye ndiye ajuaye kuhesabu. Aliinamisha uso akatazama chini, kimya, kama mwenzake.