Mipira ya Kufulia na Ovaroli ya Baba Mwende

Bado naikumbuka, mwanangu, ile Jumamosi Baba Mwende aliporudi nyumbani Kitengela na mipira ya kufulia, ile midogo ya plastiki inayotiwa mashineni pamoja na nguo, akitabasamu kama mtu aliyepata kiwanja. Umeniuliza kama mipira hiyo inafaa kununuliwa. Nitakujibu, lakini keti kwanza, maana mpaka leo nikilifikiria jambo lile mwili hunisisimka.

Miaka ile ya elfu mbili mume wangu alikuwa akipiga dawa ya kuua wadudu katika shamba la maua huko Isinya. Hakuwa mzembe, hapana. Jioni alivua ovaroli nyuma ya nyumba, akaoga, ndipo ambebe Mwende wetu, ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza. Mtoto alikuwa akimnyooshea mikono akilia, naye alikuwa akikataa kabisa. Ovaroli yenyewe niliifua kando, katika karai lake.

Basi tukanunua mashine ya kufulia ya mitumba. Maji yetu ya kisima unayajua yalivyo na chumvi. Sabuni unamwaga na povu halionekani. Aliyemuuzia mipira alimwapia kwamba inang'oa kila kitu bila sabuni, hata dawa.

"Mipira hii haitaki sabuni, Mama Mwende," akaniambia. "Wewe pumzisha mgongo. Nitatia nguo zote pamoja."

Nami, kusema kweli, nilifurahi. Ovaroli, shuka, nepi za mtoto, zote zikazungushwa pamoja na mipira ikigongagonga humo ndani. Zilipokauka hazikunuka chochote, tukadhani huo ndio usafi.

Baada ya muda Mwende akatokwa na vipele vyekundu mapajani. Tulipaka mafuta ya kliniki, vikapungua, vikarudi. Mtoto halali, nasi hatulali.

Siku moja nikaona doa kwenye kola ya ovaroli iliyotoka kufuliwa. Nikaitumbukiza katika maji moto yenye sabuni nyingi, nisugue kola tu. Ee Mungu wangu! Maji yakageuka meupe mazito, na harufu ya dawa ikanipanda hadi kichwani. Nikakimbilia kamba, nikachukua nepi kavu, nikaitia katika maji moto mengine. Harufu ni ile ile! Nilipiga yowe, mwanangu, Baba Mwende akaja mbio. Akanusa nepi, akaketi chini kwenye vumbi.

"Hii ni dawa," akasema. "Na mimi namkataza mtoto hata kunishika!"

Sijawahi kumwona akilia vile. Nepi zile tulizitupa, na vipele vikaisha.

Kwa hiyo nisikilize. Mipira hiyo inagonga nguo tu, labda isaidie blanketi lisijikunje. Kazi ya sabuni haiwezi. Ukibisha, fua siku moja kwa maji matupu uone kama utaona tofauti. Nguo za kazi zifue peke yazo, na nguo za mtoto usizifanyie majaribio ya muuzaji yeyote.

Mungu akubariki, mwanangu, awalinde watoto wako na unayoyaona, na zaidi na yale yasiyonuka.